Bei ya Jumatatu

Inspekta alifuta ubao kwa mara ya nne, akaanza upya. Aliandika tarakimu kubwa, moja chini ya nyingine, taratibu kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Saruji 800. Chai 150. Benki 120. Sukari 90. Simu 40. Akapiga mstari, akajumlisha huku midomo ikicheza, akaandika 1,200.

"Afande," Sajini alisema kutoka dirishani, "hiyo jumla haijabadilika tangu saa nane. Sidhani kama itabadilika sasa."

"Sitaki ibadilike. Nataka kujua mtu anaweza kuikosea kwa njia ngapi."

"Kwa njia zote. Mimi na hesabu tuliachana darasa la sita, kwa amani, na kila mtu alichukua vyake."

Msaidizi wa fahirisi, mwanamke wa makamo aliyevaa sweta juani, hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kila siku, akiwa ameupa mgongo ubao wake mwenyewe uliokuwa kwenye ukuta wa pili. Chumba kilikuwa na mbao mbili zilizotazamana, meza mbili, na mashine moja ya kijivu iliyonguruma pembeni. Mlango ulifungukia kwenye ngazi. Ngazi zilizunguka uwazi mweusi kutoka ghorofa ya nne hadi chini, na chini ya uwazi huo, Jumatatu alfajiri, wafagiaji walimkuta Mzee Nukta akiwa amekwisha kuwa baridi.

Jina hilo alipewa na wenzake. Kwa miaka yote aliyokokotoa fahirisi ya soko la hisa, namba moja inayoonyesha bei zimepanda au zimeshuka, hakukubali mtu aseme "kama mia tano hivi". Alikuwa akiuliza: mia tano nukta ngapi?

Leo ilikuwa Alhamisi. Jalada lake lilikuwa mezani, limejaa isipokuwa mstari mmoja: sababu ya kifo. Mkubwa wa Inspekta alitaka mstari huo ujazwe kesho asubuhi, na neno alikwisha kulitaja: amejiua. Chini, kwenye benchi la mapokezi, mjane alikuwa amekaa tangu milango ilipofunguliwa. Alikuwa amesema jambo moja tu, bila kupandisha sauti: mwili wa mumewe hatauchukua ukiwa na neno hilo.

"Nieleze tena, dada," Inspekta alimwambia Msaidizi. "Kama vile sijui chochote. Si uongo sana."

Msaidizi alivuta pumzi. "Fahirisi yetu ni ya bei. Tunachukua bei ya hisa moja ya kila kampuni, kampuni tano, tunajumlisha. Halafu tunagawanya kwa namba moja tunayoiita kigawanyo. Ijumaa jumla ilikuwa 1,200, kigawanyo 2.4. Fahirisi ikafunga kwenye 500."

"Kwa hiyo mwenye bei kubwa ndiye anayesikika."

"Hasa. Saruji akikohoa, fahirisi inaugua. Simu anaweza kupiga kelele siku nzima, asisikike."

"Kama kwetu kituoni," Sajini alisema.

"Sasa, kampuni ya saruji ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu kila hisa moja inakuwa nne. Ni kama kuchenji noti. Mtu alikuwa na noti moja kubwa, sasa ana ndogo nne, lakini hajatajirika wala hajafilisika. Hisa ya 800 inakuwa ya 200. Jumla inashuka kutoka 1,200 hadi 600. Ukigawanya 600 kwa kigawanyo kilekile cha zamani unapata 250. Watu wataamka waone soko limekufa nusu, wakati hakuna aliyepoteza hata senti."

"Ndipo mnabadilisha kigawanyo."

"Tunachukua bei za kufungia za Ijumaa, tunaigawa ya saruji kwa nne, tunajumlisha, tunapata 600. Tunatafuta namba itakayofanya 600 iwe 500 ileile. 600 kwa 500. Moja nukta mbili." Alinyanyua macho. "Hesabu ya mtoto, Inspekta. Mzee aliifanya hii kazi kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu."

"Lakini kwenye mashine uliikuta 1.235."

"Niliporudi kazini jana. Nilidhani macho yangu yana tatizo."

Inspekta aliigeukia tena orodha yake. Alikwisha kujaribu makosa ya mtu aliyechoka. Saruji ikigawanywa kwa tano badala ya nne, kigawanyo kinakuwa 1.12. Ikigawanywa kwa tatu, 1.333. Chai ikisahaulika, 0.9. Bei zote tano zikigawanywa kwa nne, 0.6. Hakuna kosa lililomfikisha 1.235.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Mkurugenzi wa soko aliingia, mrefu, suti imenyooka, simu mbili mkononi. Alikuwa na miezi saba tu katika nafasi hiyo, na alipenda kusema kwamba yeye ni mtu wa uongozi, si mtu wa tarakimu.

"Bado mpo hapa? Nilidhani tumemaliza. Marehemu alikosea, akaona aibu, akachukua uamuzi. Ni jambo la huzuni, lakini halina fumbo."

"Nakaribia kumaliza, mheshimiwa. Nisaidie kidogo tu. Alikosea lini?"

"Ijumaa. Nilishawaambia. Nilipita hapa jioni kumuaga. Alikuwa ameandika kigawanyo ubaoni, huo huo ubao unaouchezea. Moja nukta mbili tatu tano."

"Uliiona mwenyewe?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Na aliyeiandika ni yeye?"

"Kwa mwandiko wake. Ile tano yake yenye kofia ndefu. Nani asiyeijua?"

"Ubao ulifutwa na nani?"

"Mimi, Jumatatu. Sikutaka wafanyakazi waingie wakute mwandiko wa maiti." Alitazama saa yake. "Mnaonaje, kesho mjane atapewa mwili wake azike? Msimtese mama wa watu."

"Sipendi kumtesa," Inspekta alisema. "Na Jumatatu asubuhi, kigawanyo kilikuwa tayari kwenye mashine?"

"Tayari. Kimeingizwa kwa namba yake ya siri. Muulize huyu dada, mashine inatunza alama ya mtu."

"Inatunza alama ya mtu," Msaidizi alisema polepole. "Haitunzi saa."

Mkurugenzi alimtazama kidogo, kisha akatabasamu. "Vizuri. Mimi niko ofisini kwangu." Viatu vyake vilisikika vikishuka ngazi mpaka ghorofa ya tatu.

Sajini alisubiri viatu vinyamaze. "Afande, niseme?"

"Sema."

"Mtu anayejua namba za siri, anayejua mashine haitunzi saa, anayekaa kiti cha pili na bosi wa kiti cha kwanza amekufa..." Alimwelekezea Msaidizi kidevu. "Samahani, dada. Ni kazi."

"Nilijua mtafika hapo," Msaidizi alisema. Sauti yake haikutikisika ila vidole vilishika ncha ya sweta. "Ijumaa mchana mwanangu alilazwa. Niliomba ruhusa nikiwa na hofu ya kukataliwa, maana kigawanyo hakibadilishwi na mtu mmoja. Ni mwiko hapa. Mzee kwenye ubao wake, mimi kwenye wangu, tumepeana mgongo, hakuna kuchungulia. Tukimaliza tunageuka kwa pamoja. Namba zikifanana, zinaachwa zote mbili mpaka soko lifunge siku ya kwanza ya kigawanyo kipya. Zisipofanana, tunafuta na kuanza upya, na anayelalamika ananunua chai." Aliiachia sweta. "Mkurugenzi alisaini ruhusa yangu kabla sijamaliza kueleza ugonjwa. Nikamshukuru hadi nikainama."

Inspekta alimtazama Sajini, na Sajini akatoka na simu yake kwenye ngazi. Aliporudi alikuwa ameshusha mabega.

"Wodi ya watoto. Muuguzi mkuu anamkumbuka vizuri, anasema alikuwa msumbufu. Hakutoka pale tangu Ijumaa jioni mpaka Jumanne. Alilala chini ya kitanda cha mtoto." Akamgeukia Msaidizi. "Nisamehe, dada. Mtoto anaendeleaje?"

"Anakula."

"Basi tumshukuru Mungu."

Inspekta alisimama mbele ya ubao wa marehemu kwa muda mrefu. Hakusoma hesabu chuoni. Alijifunza alichojua kwa vitabu vya mitumba na kwa kuuliza bila haya, na kwa hiyo hakuwa na haraka ya kudharau namba yoyote, hata iliyokosewa. Mtu akikosea njia, aliwaza, nyayo zake hubaki. Yeye tangu saa nane alikuwa akitafuta njia kutoka mwanzo kwenda kwenye kosa. Labda aanzie kwenye kosa arudi nyuma.

"Dada," alisema, "tufanye desturi yenu. Mimi nichukue ubao wa Mzee, wewe wako. Tafuta njia ya kufika 1.235. Usinitazame, nami sikutazami. Bei yoyote unayoifahamu, itumie, hata kama ni marufuku."

"Marufuku?"

"Wewe unajua mwiko wa kazi hii kuliko mimi. Kosa linakaa upande wa mwiko."

Msaidizi aliinuka. Kwa muda kilichosikika ni chaki tu, na mashine.

Inspekta alifanya hesabu moja. Kama kigawanyo ni 1.235, na fahirisi iliyotakiwa ibaki ni 500, basi jumla ya bei aliyoitumia mkosaji ni moja zidisha nyingine. Aliandika: 617.5. Akaitazama. Jumla sahihi ilikuwa 600. Ilikuwa imezidi kwa kumi na saba na nusu.

Ile nusu ndiyo iliyomsumbua. Alizipitia bei za Ijumaa kwa kidole, moja moja. 800, 150, 120, 90, 40. Hakuna yenye nusu. Hata saruji ikigawanywa kwa nne inatoka nzima. Aliandika chini ya jumla yake, kwa herufi za kawaida: *nusu imetoka wapi?*

"Nimemaliza," alisema.

Chaki ya Msaidizi ilikuwa imenyamaza kabla ya yake.

"Dada?"

"Nimemaliza pia," alisema Msaidizi.

Waligeuka. Kwenye ubao wa Msaidizi kulikuwa na bei tano: chai 150, benki 120, sukari 90, simu 40. Na juu ya zote, saruji: 217.50. Jumla 617.5. Gawanya kwa 500. Kigawanyo 1.235.

Sajini alitazama ubao huu, akatazama ule. "Nusu ile pale," alisema kwa sauti ya chini.

"Saruji mia mbili kumi na saba na nusu," Inspekta alisema. "Bei hiyo ni ya lini?"

"Ya Jumatatu." Msaidizi alikuwa bado ameishika chaki. "Ni bei ya kufungulia. Baada ya mgawanyo watu waliona hisa imekuwa nafuu, wakaikimbilia. Badala ya 200 ikafunguka 217.50. Wale wengine wanne walifunguka palepale walipofungia, walikuwa wamelala. Huu ndio mwiko mkubwa, Inspekta. Kigawanyo hukokotolewa kwa bei za kufungia tu. Ukitumia bei ya kufungulia, unaifuta safari ambayo soko limesafiri lenyewe. Fahirisi ilitakiwa ifunguke 514 nukta tano nane. Ilifunguka 500 kamili, kama vile hakuna aliyenunua chochote."

"Nani anaweza kufanya kosa hilo?"

"Mtu aliyesikia kwamba siku ya mgawanyo fahirisi haitakiwi kuruka, akaelewa kwamba haitakiwi kusogea kabisa. Amejua nusu ya kazi. Mzee hawezi. Hata angekuwa na homa."

"Sisemi kwamba hawezi," Inspekta alisema. "Mtu yeyote anaweza kukosea. Nauliza jambo jepesi zaidi. Soko lilifunguliwa saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi. Jumatatu."

"Kabla ya hapo, kuna mtu yeyote duniani aliyeijua 217.50?"

"Haikuwapo. Bei haipo mpaka mtu auze na mwingine anunue."

Inspekta alifungua jalada, akaweka kidole kwenye karatasi ya daktari ili Sajini asome pamoja naye. Mzee alikufa Jumapili, kati ya mchana na jioni.

Sajini aliusoma mstari huo mara mbili. Mashine ya kijivu iliendelea kunguruma.

"Basi maiti ndiye aliyeingiza namba," Sajini alisema mwishowe. Haikuwa dhihaka.

"Iliingizwa Jumatatu baada ya saa nne. Dada, saruji ilipofunguka 217.50, umma ulikuwa umeshaiona fahirisi?"

"Hapana. Namba ya kwanza haitolewi mpaka kampuni zote tano ziuzwe angalau mara moja. Simu huwa anachelewa, anaweza kutuweka robo saa. Aliyekaa kwenye mashine muda huo, na kigawanyo bado ni cha zamani, aliona fahirisi inakwenda kutoka nusu. Lazima alishikwa na kiherehere."

"Namba ya siri ya Mzee iko kwa nani?"

"Yeye. Mimi, kwa dharura. Na bahasha moja iliyofungwa, kwenye sefu ya Mkurugenzi."

Sajini alikwisha kushika kitasa cha mlango. "Afande, nimlete? Amesema mbele yetu sote kwamba aliiona Ijumaa. Kwa mwandiko. Mpaka kofia ya tano!"

"Ngoja."

"Tungoje nini? Mtu ameona Ijumaa bei iliyozaliwa Jumatatu!"

"Amesema uongo, hilo tumelishika," Inspekta alisema. "Lakini mwongo si lazima awe muuaji. Inawezekana Jumatatu alishikwa na hofu, akaingiza namba ya kubahatisha, na jana dada alipomwambia imekosewa akamtwika maiti, kwa kuwa maiti haijitetei. Huo ni uchafu, lakini si kumsukuma mtu ngazini. Nikimwita sasa atanipa hadithi hiyo, nami sina cha kuivunja. Nataka kwanza nijue kwa fundi wa sefu ilifunguliwa lini. Kama bahasha ilitoka kabla ya Jumatatu, hadithi ya hofu ya Jumatatu itakuwa imekufa. Wewe shuka kwake, umwambie nafunga sefu kwa lakiri ya polisi hadi kesho, utaratibu wa kawaida. Ukimaliza, kaa mlangoni pake. Akikuuliza tumefika wapi, mwambie mkubwa wako hajui hesabu."

"Hilo nitalisema vizuri," Sajini alisema, akatoka.

Inspekta alishuka ngazi kwa kushika ukuta. Hakupenda kutazama ule uwazi wa katikati. Chini, jua la jioni lilikuwa limeingia mpaka kwenye benchi, na mjane alikuwa amejisogeza mwisho kabisa ili lisimfikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkoba umepakatwa. "Mmeshaandika?"

"Bado. Naomba nikuulize. Jumapili aliondoka nyumbani kwa nini?"

"Simu ililia tukiwa mezani. Akasema, naam mkuu, nakuja mkuu. Akaacha sahani."

"Mkuu. Huyo ni Mkurugenzi?"

Mjane alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza kitu kama tabasamu kilipita usoni pake. "Mwanangu, mume wangu alimwita kila mtu mkuu. Muuza maji, mkuu. Mkwe wangu, mkuu. Paka wetu akimkalia kitini, 'mkuu, nipishe'. Nisikusaidie kwa uongo."

Inspekta alikaa karibu naye kwenye benchi. Alikuwa ameyapanga maneno akishuka, na sasa yote yalionekana makubwa mno.

"Mama, ile namba iliyokosewa haikuwa yake. Hakuiandika, hakuiingiza. Ilipoingizwa alikuwa ameshafariki. Mumeo hakukosea."

Mjane alifumba macho. Midomo yake ilisogea bila sauti. Vidole viliufungua mkoba na kuufunga, vikaufungua na kuufunga.

"Nilijua," alisema. "Alikuwa akirudia kuhesabu hata vijiko vya sukari." Kisha macho yakafumbuka, na Inspekta aliona wazo likimfikia, taratibu, kama maji yanayopanda chini ya mlango. "Kama hakukosea, hakuwa na aibu."

"Hakuwa nayo."

"Na kama hakuwa na aibu, hakujirusha."

Inspekta aliinamisha kichwa.

"Basi kuna mtu alimwita mezani pangu," mjane alisema. "Akamkatiza kula. Akaja naye hapa." Alitazama juu, kule ngazi zilikozunguka na kupotea. "Asubuhi nilikuja kuliondoa neno moja. Unanipa lingine."

"Sijakupa bado, mama. Sina ushahidi wake."

"Wanangu wako nyumbani wananisubiri. Nikawaambie nini?"

"Waambie baba yao hakukosea. Hilo limekwisha, lina mbao mbili."

"Na hilo la pili?"

"Niachie mpaka kesho."

Mjane alisimama, akanyoosha nguo. "Basi na mwili ukae mpaka kesho. Mimi nitarudi hapahapa."

Inspekta alimsindikiza hadi mlangoni, kisha akapanda tena ghorofa nne. Msaidizi alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Dasta ilikuwa mkononi mwake, naye alikuwa amesimama kati ya ubao mmoja na mwingine bila kujua aanzie wapi.

"Nifute?"

"Desturi inasemaje?"

"Namba zikikubaliana, zinaachwa mpaka soko lifunge."

Inspekta alimpokea dasta taratibu, akaiweka mezani juu ya jalada. Akalifungua jalada, akaichukua kalamu, akautazama mstari ulio wazi. Kutoka ghorofa ya tatu sauti ya Sajini ilisikika ikicheka peke yake, cheko la mtu anayemdanganya mtu. Kisha ilinyamaza ghafla, na mlango wa chuma wa sefu, mzito, ukafungwa.

Inspekta aliirudisha kalamu mfukoni. Akazima taa, akafunga chumba, na mstari akauacha mtupu.